Kungoja Si Kulala: Kwa Dereva Mpya wa Lori

Kama umekabidhiwa funguo za trela juzi juzi, bila shaka umeshaonywa kuhusu mteremko wa Salgaa, kona za Salama na wezi wa mafuta. Onyo hilo lishike. Ila mimi kilichokaribia kunimaliza kilianzia kwenye geti la godauni, Industrial Area ya Nairobi, gari likiwa limezimwa na mimi nimekaa juu ya tairi kuukuu nikipiga soga.

Ulikuwa mwezi wangu wa tatu kazini. Niliamka saa kumi alfajiri kwangu Pipeline, nikafika Lunga Lunga Road kabla ya saa kumi na mbili ili niwahi foleni. Mbele yangu kulikuwa na magari tisa. Tukaambiwa tutapakia saa nne. Saa nne ikawa saa saba, saa saba ikawa saa kumi. Nikanywa chai, nikala chapati na maharagwe, nikacheza drafti na wenzangu, nikaongea na simu mpaka chaji ikaisha. Mwili ulikuwa umekaa tu, basi nikajihesabia kwamba nimepumzika. Turubai lilifungwa saa moja usiku, karatasi zikatoka saa mbili, na nilipomaliza jamu ya Mombasa Road na mizani ya Athi River ilikuwa inakaribia saa tano.

Saa nane usiku na kitu nikaona taa za Kibwezi, nikashtuka. Makindu niliipita saa ngapi? Nikajaribu kukumbuka tuta moja, kituo kimoja cha mafuta, lori moja nililopishana nalo tangu Emali. Sikupata hata kimoja. Mikono ilikuwa kwenye usukani, mguu ulikuwa kwenye mafuta, lakini akili ya dereva haikuwepo. Kando yangu tanboi, msaidizi wangu wa gari, alikuwa amelala fofofo, ameniachia maisha yake. Niliegesha hapo hapo mjini, nikazima injini, na kwa muda mrefu magoti yalikataa kunishusha.

Ukipiga hesabu utaona kosa lilipokuwa. Nilikuwa nimeendesha kama saa tano tu, lakini nilikuwa macho kwa saa 22. Watafiti waliowapima watu wasiolala waligundua kwamba ukishapitisha saa 17 hivi ukiwa macho, akili na mikono hufanya kazi kama ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Na gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde nne, umeendesha trela lenye mzigo karibu urefu wa uwanja wa mpira bila dereva.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A, inakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Ni sheria nzuri, ijue, na tajiri akikusukuma mtajie. Lakini inahesabu saa za usukani. Saa kumi na nne ulizokaa getini hazimo, na hakuna atakayekuhesabia isipokuwa wewe mwenyewe. Kwa hiyo jifunze kuhesabu tangu ulipofungua macho, si tangu ulipowasha injini. Mimi huandika saa ya kuamka kwa kalamu kwenye kipande cha plasta nilichobandika karibu na spidomita. Nikiona saa 16 zimefika, natafuta pa kusimama, hata kama najihisi mzima.

Sasa, siku ya kungoja ndiyo siku ya kulala. Ukifika kwenye foleni, iwe ni godauni au bohari ya makontena ya Embakasi, nenda kwa karani wa kupakia umuulize kwa heshima: uko nambari ngapi, na gari moja linachukua muda gani? Usiulize "tutapakia saa ngapi," maana utajibiwa saa ya kukufurahisha. Magari tisa kwa saa moja moja ni kungoja kwa muda wa saa tisa, na hapo umejua una usingizi wa kutosha mbele yako. Kisha kaa na tanboi wako mpatane. Yeye abaki macho, asogeze foleni ikibidi kama ana leseni ya gari hilo na ofisi imemruhusu, achunge tangi na betri, akugongee mlango magari mawili kabla ya zamu yenu. Wewe panda kitandani nyuma ya kiti, vuta pazia, funika macho kwa shuka au kofia. Usiku ukishika usukani, ni zamu yake kulala. Madereva wengi wapya huona aibu kulala mchana mbele ya wenzao, huona wataitwa wavivu. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi aliniambia maneno ambayo nimeyashika: "Kijana, hapa getini hakuna anayelipwa kwa kukaa macho."

Saa bora ni kati ya saa saba na saa kumi mchana. Mwili wenyewe hulegea wakati huo, umekula au hujala, kwa hiyo usingizi hauhitaji kubembelezwa. Ukipata saa moja na nusu, umepata mzunguko mmoja kamili. Ukipata mara mbili, umeingia usiku ukiwa mtu tofauti kabisa.

Usiku nao una shimo lake, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya mwili imewekwa na jua. Hata ukiendesha usiku miaka kumi, shimo halizibiki. Katika miezi yako ya kwanza nakusihi usiendeshe saa hizo kabisa. Panga safari ili saa nane ikukute Emali, Mtito Andei, au Nakuru kama unaenda upande wa Malaba, ndani ya yadi yenye taa na askari. Pesa ya kuegesha ni ndogo kuliko unavyodhani ukiilinganisha na tairi mbili zilizoibwa, wala sijataja roho.

Hapo ndipo ofisi hupiga simu: "Mbona gari limesimama?" Trakingi inawaonyesha nukta isiyosogea, na wao wanafikiria mteja. Usingoje wakupigie. Kabla ya kuzima injini tuma ujumbe: "Bosi, niko Emali, gari liko yadi yenye askari. Nimeamka tangu jana saa kumi alfajiri. Nalala, naondoka saa kumi na mbili." Uwe na mahali, usalama wa mzigo, sababu, na saa ya kuondoka. Nimefanya kazi na kampuni iliyokuwa ikitukata pesa kwa kusimama usiku. Niliumia miezi kadhaa, kisha nikahama. Ukishakuwa na mwaka mmoja bila ajali, utapata kazi kwingine.

Kuhusu miraa na muguka, najua utavikuta kila kituo, na utaambiwa hakuna dereva wa usiku bila gomba, yaani hiyo miraa. Mimi nimetafuna, kwa hiyo nasema ninachokijua. Miraa haikupi usingizi uliokosa. Inauficha tu. Deni linabaki pale pale, na siku dawa inaposhuka, linadaiwa lote kwa mara moja, mara nyingi kwenye shimo lile la saa kumi alfajiri. Halafu ukifika, unataka kulala huwezi; unageuka geuka kitandani taya zikiuma, na safari ya pili unaianza ukiwa na deni la safari mbili.

Kahawa au chai ya rangi iliyokolea inafaa, lakini kwa mpango. Inachukua kama nusu saa kufanya kazi, na nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hiyo ukizidiwa njiani, egesha pahali salama, kunywa kikombe, kisha lala papo hapo dakika ishirini na kengele ya simu ikiwa imewekwa. Utaamka kahawa ikianza kushika. Ukiamka tembea kuzunguka gari, gonga tairi zote, angalia kamba, ndipo uondoke, kwa sababu dakika za kwanza baada ya kuamka akili bado ni nzito. Hiyo itakufikisha kwenye yadi. Haitakufikisha Mombasa. Kufungua dirisha, kuongeza redio na kujipiga makofi havisaidii kitu, nimevijaribu vyote. Ugali mkubwa na nyama saa tano usiku nao uache, kula mapema.

Kitu kimoja wengi hawakitaji: kama unakoroma sana, au tanboi anakwambia unakatika pumzi usingizini kisha unashtuka, nenda hospitali ukapimwe. Mtu wa namna hiyo hulala saa nane nzima na kuamka kama hajalala.

Imebaki nyumbani. Kulala mchana Nairobi ni kazi. Pale Pipeline nyumba zimebanana, kuna watoto kwenye ngazi, muuza maji na mikokoteni yake, spika ya duka chini, na jua linalopenya pazia jepesi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala kwa muda wa saa tatu tu, naamka na hasira, nagombana na mke wangu bila sababu. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Baba Shiku, unarudi kutuona ama kutupigia kelele?" Tukakaa, tukapanga. Alinunua blanketi zito la kijivu, la mtumba pale Gikomba, tukalipigilia misumari juu ya dirisha la chumba. Nikifika asubuhi tunakunywa chai pamoja, namsikiliza mtoto anisomee ukurasa wake, kisha saa tatu mlango unafungwa mpaka saa tisa. Simu inabaki kwa mke wangu. Kuna watu wawili tu anaoniamshia, mama yangu na ofisi, na ofisi huiuliza kwanza kama ni jambo la leo.