Sahani zangu za uyoga zimeota ukungu wa kijani ndani ya friji

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeanza kukuza utando wa uyoga, zile nyuzi nyeupe zinazozaa uyoga, kwenye sahani za petri zenye agari, jeli ya mwani yenye chakula cha utando. Sahani zilipojaa kabisa nilizipanga kwenye friji. Baada ya wiki sita nimekuta matone ya maji yamejaa kwenye vifuniko, na sahani mbili za uyoga mamama zina madoa ya kijani pembeni. Zile za uyoga wa majani ya mpunga zinaonekana safi, lakini kila kipande ninachohamisha hakioti. Nimekosea wapi? Kuna cha kuokoa?

JIBU: Pole sana kwa hasara, ndugu msomaji. Nianze na uyoga wa majani ya mpunga, maana jibu lake ni fupi na linauma: huo umekufa. Volvariella volvacea ni uyoga wa joto. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi utando wake hujiyeyusha wenyewe, hata kama kwa macho sahani inaonekana nzuri. Siku nyingine uweke kabatini, gizani, kwenye nyuzi 15 kwenda juu, na uuhamishie kwenye agari mpya mara kwa mara. Mamama wa rangi ya waridi, Pleurotus djamor, naye hapendi baridi.

Mamama wa kawaida, Pleurotus ostreatus, anahifadhiwa vizuri kwenye nyuzi 2 hadi 4, kwa hiyo kumweka friji hukukosea. Tatizo lako ni yale maji. Ukungu wa kijani unaoueleza una dalili zote za Trichoderma, ambao huanza mweupe kama utando wako, kisha hugeuka kijani unapotoa spora, vile vijimbegu laini kama vumbi. Sahani inapopoa hewa ya ndani husinyaa, na sahani huvuta hewa ya nje kupitia ukingo wa kifuniko. Ukingo ukiwa umelowa, spora zinazonasa pale huteleza na maji hadi kwenye agari. Ndiyo maana madoa yako yako pembeni, si katikati.

Maji hayo uliyaleta mwenyewe siku ya kumimina. Agari ikitoka kwenye sufuria ya presha ni ya moto mno, na mvuke wake hugonga kifuniko cha baridi na kugeuka matone. Isubiri ishuke hadi nyuzi 50 hivi, chupa iwe ya moto lakini mkono unaivumilia. Muda unao, kwa sababu agari ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke chini ya nyuzi 40. Ukimimina, panga sahani moja juu ya nyingine zipoe pamoja taratibu, na zikishaganda zigeuze chini juu. Kwa vipimo, mimi hutumia gramu 20 za dondoo ya kimea na gramu 20 za agari kwa lita moja ya maji, nikapika kwa nyuzi 121 kwa dakika 20 hadi 30.

Sasa uokoaji. Kama aina hiyo unayo kwenye chombo kingine, usizifungue kabisa zile mbili. Zifunge kwenye mfuko zikiwa vilevile na uziondoe chumbani. Kuinua kifuniko mara moja tu kunatosha kurusha spora kwenye kila kitu ulichonacho.

Kama ndizo pekee ulizonazo, fanya kazi ndani ya sanduku la hewa tulivu, yaani boksi lililofunikwa lenye matundu ya kuingizia mikono, polepole, bila kupeperusha. Na tafadhali usiwashe moto humo ukiwa umepulizia spiriti; mvuke wake hushika moto ghafla. Kata kipande kidogo kuliko punje ya mchele, upande ulio mbali zaidi na kijani, ukiweke kwenye agari mpya. Fanya hivyo kwa sahani tano, kwa sababu baadhi zitaharibika. Kuanzia siku ya tatu zitazame kila siku bila kufungua, ukiinua sahani kuelekea kwenye mwanga na kuangalia kwa chini. Utando wa mamama hutanuka kama nyuzi nyeupe zinazotoka katikati kwenda pande zote. Sehemu inayong'aa kama ute ni bakteria. Palipo safi, kata kwenye ukingo unaosonga mbele uhamishe tena.

Hapo ndipo kosa lako la pili lilipo: sahani iliyojaa haina tena ukingo unaosonga. Utando umefika ukutani, chakula kinaisha, na huna pa kukata penye nguvu. Iweke friji utando ukiwa umefunika robo tatu, ukiwa umezungushia ukingo parafilmu, utepe laini wa kuzibia unaovutika, na kuitia ndani ya mfuko, mbali na mlango wa friji ambako joto hupanda na kushuka.

Hata hivyo, mimi siichukulii sahani kuwa ghala. Ni meza ya kazi. Miezi miwili au mitatu inatosha. Aina unayoithamini itie kwenye mirija ya kioo yenye agari iliyolazwa mshazari. Hiyo hukaa miezi sita na zaidi. Ipo pia njia ya Aldo Castellani, daktari wa Italia, aliyeonyesha mwaka 1939 kuwa vipande vya kuvu hubaki hai ndani ya maji yaliyokenekwa na kutakaswa. Kwa mtu asiye na vifaa vingi, naipenda mno.

Andika kwenye kila chombo aina, tarehe na umehamisha mara ya ngapi. Utando huzeeka kwa kuhamishwa: hupunguza kasi, hugawanyika vipande vya sura tofauti, na mwishowe hutoa uyoga mchache. Weka akiba kizazi cha kwanza, na ukianza kuona dalili hizo rudi kwenye akiba badala ya kuendelea kuhamisha.

Ukitoa chombo friji, kiache kimefungwa usiku mmoja kipate joto la chumba. Kisha jaribu kipande kwenye sahani moja mpya, na usitengeneze mbegu za uyoga, yaani nafaka iliyoota utando ya kupandia, mpaka ukione kimeota cheupe na safi.