Ahadi ya Kanisani na Macho ya Mama

Mwaka ambao kanisa letu la hapa Kisauni lilijiandaa kuezekwa, nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi, na siku ya harambee nilisimama mbele ya ushirika wote nikaahidi shilingi 60,000 za mabati. Watu walipiga makofi, na mchungaji akalitaja jina langu mara mbili. Wakati huohuo mama yangu mzazi, mjane anayeishi Likoni, ng'ambo ya feri, alikuwa akipoteza nuru ya macho kwa sababu ya mtoto wa jicho, nami nilikuwa nimemwambia kwamba upasuaji wake tutaushughulikia mambo ya kanisa yakiisha. Naandika haya kwa sababu nimekutana na Wakristo wengi, hasa sisi wenye nafasi za uongozi, ambao hutenda vivyo hivyo tukiamini kwamba tunamtolea Mungu dhabihu.

Mama hakulalamika. Alisema tu, "Kazi ya Mungu kwanza, mwanangu," nami nikayapokea maneno yale kama ruhusa. Jumamosi moja nilivuka bila kumwarifu, nikamkuta ameketi mlangoni na ungo mapajani, akichambua mchele kwa kupapasa, huku binti wa jirani yetu Mwislamu akiondoa vijiwe ambavyo vidole vya mama vilivikosa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba binti yule alikuwa akija kila siku kwa miezi kadhaa, ametumwa na mama yake. Nyumba ya jirani ilikuwa ikimheshimu mama yangu kuliko mimi niliyekuwa nikisoma Neno mimbarini.

Usiku ule nilirudia sura ya 7 ya Injili ya Marko, ambamo Yesu anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa desturi ya Korbani, iliyomwezesha mtu kuiita mali yake wakfu ili asiwajibike tena kumsaidia baba au mama. Nilikuwa nimelifundisha fungu hilo zaidi ya mara moja, na sikuwahi kujiona ndani yake. Bwana hapingi sadaka, maana katika sura ya 12 anamsifu mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina. Lakini mjane yule alitoa riziki yake mwenyewe, ilhali mimi nilikuwa nimetoa macho ya mama yangu. Daudi naye alipotaka kujenga madhabahu alikataa kupewa bure uwanja wa kupuria wa Arauna, akaununua pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakukubali kumtolea Mungu kitu ambacho hakukigharimia.

Fedha za upasuaji sikuzitafuta mbali. Zilikuwepo, ndizo zilizokuwa zinangoja kuwa mabati. Kilichonishinda kwa wiki tatu nzima ni kusimama mbele ya kamati na kukiri kwamba ahadi ya mweka hazina haitatimia kwa wakati. Nilifikiria hata kukopa ili jina langu lisalimike. Hapo ndipo nilipotambua kwamba dhabihu niliyodaiwa ilikuwa ile heshima niliyopigiwa makofi, na kwamba mama asingeweza kupata heshima yake kabla mimi sijaachilia yangu. Mtume Paulo anaagiza katika Warumi 12 kwamba kwa heshima tuwatangulize wenzetu, na anayetanguliza mwenzake hana budi kurudi nyuma yeye mwenyewe. Kristo, asema Wafilipi 2, alitwaa namna ya mtumwa.

Hapa Mombasa tunapozungumzia dhabihu hatukosi kumtaja Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844 na kumpoteza mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga mwezi Julai mwaka huohuo. Makaburi yao yako upande wa Nyali. Mimi hupenda kuongeza jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: mmisionari huyo alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa mji huu, akakaa mbele yake kama mwanafunzi. Aliyekuja kufundisha alikubali kwanza kufundishwa. Kwa kukumbuka hilo nilikwenda kwa jirani wa Likoni, nikavua viatu, nikaketi, nikamshukuru mama yule mbele ya wanawe kwa kazi iliyokuwa yangu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujasimama kutoa ahadi, keti na watu wa nyumbani mwako uwaulize ni nani hasa atakayeilipa, na usiridhike na jibu la mzazi, kwa maana wazazi wetu wamezoea kusema kwamba hawahitaji kitu. Nenda ukamwone kwa macho yako. Fedha za kutumwa kwa simu hazioni ungo. Na ikiwa umekwisha kuahidi vibaya, mwendee mchungaji mapema. Wangu alinisikiliza, akaomba pamoja nami, kisha kamati ikanigawia deni langu kwa miezi kumi. Baadhi ya wanakamati walininung'unikia, nami sikujitetea.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipoondolewa alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza tangu lini nimeota mvi.