Ella na bluzi: majibu kwa wasikilizaji

Toleo lililopita niligusia santuri ya mwaka 1963 ya Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, iitwayo "These Are the Blues"; humo anaimba bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa kusimulia shida. Barua zimekuja; najibu chache.

"Kaka, nimeisikiliza mara mbili. Sauti tamu, lakini mama huyu halii! Bluzi gani isiyo na kilio?" (Tanga)

Lawama hiyo ni ya siku nyingi, na hata mimi niliwahi kuibeba. Si kwamba shida hakuzijua: mama yake alifariki Ella akiwa binti mdogo, na mwaka 1934, alipopanda jukwaa la Apollo, ukumbi wa muziki kule Harlem, New York, hakuwa na makazi ya kueleweka. Jaribu hivi. Ubeti wa bluzi kwa kawaida una mistari mitatu: wa kwanza unasema, wa pili unarudia, wa tatu unajibu. Wa kwanza uache upite, tega sikio kwenye marudio. Hapo ndipo Ella anapochelewesha neno, analiburuza nyuma ya mdundo, noti anaipinda kidogo tu, kama mtu anayesimulia jambo upya kwa sababu mara ya kwanza hakuaminiwa. Akivuta pumzi, tarumbeta ya Roy Eldridge inaingia pengoni kama shoga anayeitikia "ehee, kisha?" Kilio hakuna, kweli. Anasimulia ya jana, machozi yamekwishakauka.

"Kile kinanda kinachovuma nyuma ni cha kanisani?" (Mombasa)

Hujakosea sana. Ni ogani ya Hammond, ya umeme, iliyobuniwa miaka ya 1930 na kuuzwa kwa makanisa yasiyomudu ogani ya mabomba. Anayeipiga ni Wild Bill Davis. Gitaa ni Herb Ellis, ngoma Gus Johnson, besi Ray Brown. Huyu Brown aliwahi kuwa mumewe! Waliachana mwaka 1953, na miaka kumi baadaye besi yake bado inamfuata Ella hatua kwa hatua.

"Nyimbo alitunga mwenyewe?" (Nakuru)

La, ni za wakongwe. "Down Hearted Blues" ni ya Alberta Hunter na Lovie Austin. Mwimbaji wa bluzi Bessie Smith aliirekodi mwaka 1923. "See See Rider" aliirekodi Ma Rainey, mwimbaji mwingine wa bluzi, mwaka uliofuata.

"Nianze na upi?" (Zanzibar)

"Jailhouse Blues", ndio unaofungua santuri. Usiku, simu ukiwa umeizima.

"Jazi hii na ile ya Morogoro Jazz ni ndugu?" (Dodoma)

Kwa jina tu, ningekujibu haraka. Bendi zetu zilijiita jazi huku zikipiga dansi lenye rumba ya Cuba na Kongo. Lakini kwenye santuri hii umo "St. Louis Blues", wimbo ambao W.C. Handy aliuchapisha mwaka 1914, na katikati yake alichomeka mdundo wa habanera, wa Cuba hiyohiyo. Kwa hiyo undugu upo, ila wa upande wa shangazi.