Barua kwa mwanangu: itoe pasi kwenye droo

Mwanangu,

Hapa Tanga hatujambo, ila goti langu na hii baridi ya asubuhi hawapatani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mzazi mwenzio amepata kazi ya unesi Muscat na anataka kwenda na mjukuu wangu. Unaniuliza kama unaweza kumzuia kwa kuifungia droo pasi ya kusafiria ya mtoto, ukakata na matunzo, na ukiitwa mahakamani upeleke karatasi ya mshahara peke yake. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Kabla sijaolewa na marehemu baba yako, mwaka 1994, nilimpeleka mahakamani baba wa dada yako. Alikuwa na lori la kubebea mkonge, mtaa mzima ulijua. Siku ya kesi akaja na kandambili na shati la grisi, akamwambia hakimu yeye ni utingo tu. Kadi ya gari ilisoma jina la kaka yake. Na unajua sheria ya wakati ule ilimruhusu hakimu kumtoza kiasi gani kwa mtoto wa nje ya ndoa? Shilingi mia moja kwa mwezi, hapo ndipo mwisho. Haikutosha hata nauli ya kuifuata. Mtu mzima alivaa kandambili ili akwepe mia! Dada yako alikuja kulijua hilo akiwa darasa la sita, na msiba wa yule bwana hakwenda.

Sheria ile ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa mahakama ikipanga matunzo hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine unaowalea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Wazazi wote wawili, umesikia? Unalalamika kwamba mwenzio atalipwa riali na wewe unalipwa madafu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini utamwombaje hakimu auone mkataba wake wa Muscat, wakati boda zako mbili zinazoleta hesabu kila jioni, na kile kibanda cha miamala, umeviandikisha kwa jina la shemeji yako? Mwanamke aliishi nawe miaka sita. Namba za zile pikipiki anazo kichwani.

Matunzo usiyakate. Mtoto anakula hata wiki ambayo hukumwona, na ukikata leo, kesho ndilo la kwanza wakili wake atakalolisema.

Kuhusu kuhama, hapo una haki ya kusikilizwa, na sikufichi, hata mimi roho inaniuma. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu. Kinasema pia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, ila unaweza kulipinga hilo ukiwa na sababu. Wako ana mitano. Halafu kinamtaka hakimu aangalie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Hicho kipengele ni kisu chenye makali pande zote: wewe utasema anang'olewa shuleni na kwa bibi yake, naye atasema mtoto hajawahi kulala wiki nzima bila yeye.

Mahakama inaweza kuzuia mtoto asitolewe nchini. Wewe na droo yako hamwezi. Rudi palepale mlipopewa amri ya malezi, na kabla ya hapo mkaonane wote wawili na afisa ustawi wa jamii. Kama ataruhusiwa kwenda, omba iandikwe: likizo ipi mtoto anarudi, tiketi analipa nani, siku gani za simu ya video. Yasiyoandikwa mtayagombania kwenye WhatsApp mpaka mtoto aote ndevu.

Nitumie picha za daftari la hesabu za boda, kurasa zote, hata ule uliomwagikiwa chai. Tuzijumlishe pamoja kabla hujaonana na wakili. Na Jumamosi mtoto akija kwako, mpe simu mume wangu huyo, ananidai hadithi ya sungura na nilimwachia njiani.

Mama yako