Mwanangu, kuhusu hizo digrii mbili kwa mpigo

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku, asubuhi nikairudia. Unauliza uombe ile programu ya kuunganisha digrii ya kwanza na masta au uache, maana mwaka wa pili ndo huo unaisha na wenzako wamekwambia GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.4 haifiki popote. Mi nasema omba.

Chuo chenu kinafuata mtindo wa Marekani, na huko wengi huomba mwaka wa tatu, kiwango cha chini mara nyingi kinacheza kati ya 3.0 na 3.5, sasa kabla hujaitupa hiyo 3.4 yako soma kwanza idara yenu imeandika nini, sio idara ya jirani, manake ndani ya chuo kimoja zinatofautiana.

Utamu wa kitu hiki ni zile kozi za masta unazosoma ukiwa bado digrii ya kwanza halafu zinahesabiwa pande zote mbili, ndo maana mtu anamaliza miaka 5 badala ya 6. Kwa hiyo uliza ni krediti ngapi zinahesabiwa hivo. Wakikwambia kozi moja tu, aah, hapo hujaokoa kitu.

Na hela. Kuna siku utaacha kuhesabika mwanafunzi wa digrii ya kwanza, ada inabadilika na msaada unaopata sasa unaweza ukakatika palepale. Siku hiyo ni lini? Wakuandikie. Mi wakati wa masta yangu nilidhani ufadhili unaendelea tu, sikuuliza mtu, bili ilipokuja nikakaa chini sakafuni na wewe mgongoni.

Lingine, ukichoka katikati unatoka na nini? Zile za Uingereza, MEng ya uhandisi na MSci ya sayansi, ni digrii moja ya ngazi ya masta, na asiyefikisha alama kwa kawaida wanamshusha anamaliza na digrii ya kwanza tu. Kwenu kuna programu zinakupa ya kwanza ukishaikamilisha, nyingine wanazishikilia zote mpaka mwisho, na hizo ndo zinanitia wasiwasi.

Barua ya mapendekezo kaombe mapema kwa lekchara anayekujua sura, usimkimbilie wiki ya dedilaini.

Halafu nitumie transkripti nzima bwana, sio ile picha uliyokata juu na chini.

Mama yako