Jibu: Intaneti nzito Nyali, ilhali nyaya za baharini ziko Mombasa

Salaam, ndugu. Unauliza kwa nini intaneti yako ya Nyali ni nzito, ilhali nyaya za baharini, kama ule wa TEAMS ulioletwa kutoka Fujairah mwaka 2009, zinatua hapa hapa Mombasa. Ukaribu huo haukuongezei kasi, kwa kuwa data yako hupita kwanza kwenye mitambo ya mtoa huduma. Anza kwa kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha endesha amri ya tracert, ambayo kwenye Windows huorodhesha vituo ambavyo data yako inapitia na muda inaochukua kufika kila kimoja. Kwangu ucheleweshaji ulianzia kituo cha pili, yaani mara tu baada ya ruta, na fundi alipopanda paani alikuta kiunganishi cha antena kimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Alipokibadilisha, uzito ukaisha. Iwapo vituo vya mwanzo ni vyepesi na tovuti za ng'ambo pekee ndizo zinazokwama, hapo ushuku baharini, kama ilivyokuwa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika.