Mkuu usitoe hiyo hela Ijumaa, tandam ya kuchomelea ilinimaliza

Mleta uzi simama hapo hapo, usitume hata mia. Nimesoma ulichoandika nikahisi kama kuna mtu kaiba diary yangu ya mwaka juzi. Fuso Fighter tandam, yaani lori la ekseli tatu, mbili zikiwa jozi nyuma, ipo yadi, muuzaji anasema imetoka Japani ikiwa hivyo hivyo na miguu yake mitatu, milioni 50 na ushee, anataka milioni 5 ya kishika uchumba kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna jamaa wa Mwanza anaitolea macho. Mimi wa kwangu alikuwa jamaa wa Kahama. Huyo jamaa wa mkoani hajawahi kuzaliwa mkuu, anaishi kwenye simu ya muuzaji tu, na kila gari iliyokaa yadi miezi minne yeye ndo anaitaka.

Umeuliza ulaji wa mafuta kati ya injini za 6D16 na 6D17, umeuliza bodi, umeuliza tairi. Nakuja huko. Kwanza hii.

Hiyo tandam PELEKA MIZANI IKIWA NA MZIGO kabla hujalipa. Ipakiwe, ipimwe ekseli moja moja, uandike kwenye karatasi. Sio kuiwasha, sio kuizungusha mtaa, sio fundi kuweka sikio kwenye injini akatikisa kichwa kama daktari. Injini ya Fuso haitakuua, injini inatengenezeka hata chini ya mwembe. Mimi nilikagua injini siku mbili nzima nikajiona mjanja wa mjini, chini sikuangalia kabisa maana nilivaa shati jeupe. Shati lile lilinigharimu kama nyumba ya vyumba viwili Chanika.

Yangu nilinunua milioni 52. Kijana wa yadi alikuwa na ulimi wa asali, ananiita bosi wangu kila sentensi, soda baridi, kiti cha kuzunguka, nikimuuliza kitu anajibu swali jingine. Namuuliza "hii tandam ni ya kiwandani?" anasema "bosi wangu hii ni 6D17 orijino." Sasa hilo ni jibu la swali gani? Lakini mimi nikaitikia. Nilipouliza mara ya pili akasema ndio, kiwandani kabisa, akaipiga kofi bodi paa, kama ile paa ndo cheti. Hati ya mauziano wakaandika "gari imeuzwa kama ilivyo na mnunuzi ameridhika". Nikasaini. Nilikuwa nimeridhika kweli bwana, nilipiga na picha.

Safari ya kwanza Njombe, viazi. Gunia 135, na sio lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kiasi, mimi lumbesa siitaki. Naingia mizani ya barabarani ya Makambako kifua mbele maana hesabu zangu ziko safi: gari ya ekseli tatu ya aina hii inaruhusiwa tani 26 jumla, 8 mbele na 18 kwenye tandam nyuma, ndo sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito. Mimi jumla nilikuwa 22.6. Nikaanza kumtania utingo kwamba tulibana sana, tungeongeza gunia ishirini. Kumbe namba zilitoka hivi: mbele 5.4, ya katikati 12.9, ya nyuma kabisa 4.3.

Soma tena hizo namba mkuu. Ekseli ya difu, ile ya katikati inayosukuma gari, inabeba karibu tani 13, ile ya nyuma tani 4 na kidogo, yaani ya tatu ilikuwa abiria. Tena abiria asiyelipa nauli.

Sababu yake nilielezwa pale pale na mzee mmoja dereva wa semi, mimi nimejikunyata kama mtoto aliyevunja sahani. Tandam ya kiwandani zile ekseli mbili za nyuma zinashea mzigo, zinakaa kwenye springi zinazocheza katikati kama bembea, moja ikipanda nyingine inashuka, kwa hiyo mzigo unagawanyika wenyewe. Ya kwangu fundi alichukua Fuso ya kawaida ya ekseli mbili, akakata chesisi, akarefusha, akaning'iniza ekseli ya tatu na springi zake peke yake. Hazijuani. Ni kama wapangaji. Barabara ikiwa na kibonde tu yule wa nyuma ananing'inia hewani na mwenzake anabeba dunia nzima. Na zilikuwa zimeachana mno kuhesabiwa kundi moja, kwa hiyo ya difu ikasimama peke yake kwenye limiti yake ya tani 10, mimi nimezidisha karibu 3.

Afisa wa mizani akaomba kadi ya gari. Akaisoma, akainama akaangalia tairi, akaisoma tena. "Kadi inasema ekseli mbili. Mimi naona tatu. Huyu wa tatu ni mgeni?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, ningefanyaje. Nilikuwa na ile kadi wiki tatu ndani ya droo mkuu. Imeandikwa pale pale, idadi ya ekseli, uzito wa gari tupu, uzito jumla. Nilikuwa nimeangalia jina na namba ya chesisi basi. Kwa karatasi zile gari yangu ni ya ekseli mbili, ambayo mwisho wake ni tani 18, kwa hiyo hata ile kujisifu na 26 ilikuwa ndoto za mchana.

Faini nikalipa, gunia 45 zikashuka, nikatafuta Canter ya kuzichukua kwa bei ya mtu aliyekwama, unaijua hiyo bei. Nikajua yameisha.

Mlima Kitonga tunashuka usiku, dereva wangu mtu mzima hana mchezo, kaweka gia nzito tangu juu. Katikati breki zikaanza kunuka, halafu moshi, halafu akaniambia kwa sauti ya chini sana "mzee, haishiki vizuri." Mimi mwanaume nimesoma sala zote ninazozijua na mbili za dini ambayo sio yangu. Tukaipata pembeni kwa gia na handibreki. Tulivyomulika chini na tochi, ile ekseli ya tatu HAINA BREKI. Sio mbovu, haina. Hakuna paipu hata moja iliyoenda kule, ngoma zipo za urembo, ndani patupu. Tani zote zile zilikuwa zinashikwa na breki za gari ya miguu miwili.

Tukapoza mpaka asubuhi, tukashuka kobe mpaka Ruaha Mbuyuni. Pale fundi akaingia chini akatoka na sura ya msiba. Chesisi ilikuwa na ufa upande wa kulia nyuma ya kabini, unaingiza sarafu. Palipoungwa. Walikata wima, yaani kama unakata mkate, wakachomelea, wakapiga kipande cha bati nene juu yake nacho wakakichomelea kukizunguka pande zote, wakapaka rangi nyeusi inang'aa. Chuma cha chesisi ukikipiga moto vile kinapoteza nguvu, ufa unaanzia pembeni ya pale pale ulipochomelea. Na mimi ile rangi nyeusi niliiona yadi! Nikamwambia mke wangu jinsi walivyoitunza!

Viazi unajua habari yake juani. Vilivyobaki niliuza hapo hapo njiani kwa bei ambayo siiandiki hapa.

Nikarudi yadi. Yule yule aliyekuwa ananiita bosi wangu sasa ananiita mzee. Kwanza akasema dereva kazidisha mzigo. Nikamwonyesha namba za mizani. Akasema yeye hakuwahi kusema ya kiwandani, alisema "ya kisasa". Kisha akatoa ile hati, kama ilivyo, umeridhika, saini hii sio yako? Tajiri wa yadi simu haipokei, dalali aliyenipeleka na kula cha juu chake kabadilisha namba. Nilienda kwa mwanasheria, akasoma ile karatasi, akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwa na mtu aliyesikia zile ahadi. Nilikuwa na soda tu mkuu.

Nikaikata ile ekseli nikarudisha gari kuwa ya miguu miwili, chesisi ikawekewa kipande kutoka gari iliyokufa na fundi anayejua, milioni 9 na laki kadhaa. Ndo iko hivyo mpaka leo, inabeba mchanga na tofali humu humu Dar, haijaona Kitonga tena na mimi sijaikumbusha.

Sasa wewe. Mwambie huyo kijana unataka ipakiwe ukapime, gharama juu yako. Mizani za kulipia zipo kwenye magodauni na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Paki hata saruji au mchanga, ingiza ekseli ya mbele peke yake uandike, songa mpaka ya katikati nayo iwe juu uandike, halafu zote tatu, unatoa unapata kila moja. Kama ya difu na ya nyuma zimepishana kidogo endelea kuongea bei. Zikipishana kama zangu ondoka bila kuaga. Na akikataa kupima, akianza "bosi wangu gari kama hii haipimwi", basi umeshapimiwa mkuu, hilo ndo jibu. Mimi nilipe laki tatu za kupima au milioni ngapi? Niulize mimi. Hapana usiniulize.

Mtu atakuja hapa aseme tandam za kuunga zipo nyingi barabarani na zinapiga kazi. Zipo, kuna mafundi wanaiunga vizuri, wanaweka balansi, ile bembea ya kugawa mzigo, wanavuta breki mpaka nyuma na mwenye gari anabadilisha kadi TRA isome tatu. Sasa huyo mwenye gari nzuri hivyo anaiuza ya nini kwa haraka mpaka Ijumaa?

Halafu bima, usisahau, ukiikatia kwa kadi ya ekseli mbili ukapata ajali na tatu, wakala wangu aliniambia kampuni ikigoma kulipa usishangae.

Tairi za kichina sawa tu, mimi ndo natumia. Mafuta na bodi nilisema nakuja huko ila simu inakata chaji na kusema kweli nimeshapandisha presha. Kesho vaa nguo chafu, ingia chini na tochi, piga picha chesisi pale nyuma ya kabini kulia na kushoto, na ekseli ya tatu kwa ndani uone kama kuna paipu ya breki inaenda. Piga na kadi, ziba jina na namba, tuone imeandikwa ekseli ngapi. Weka hapa hapa kwenye uzi kabla ya Ijumaa. Na kama rangi ya chini inang'aa kuliko ya juu usijisumbue hata kupiga.